Kimea Ndani ya Chupa ya Chai

Juzi Jumatatu nililichana desa la Abdul. Nililichana vipande vinne mbele ya wenzake, nikavitupa kwenye ndoo ya takataka, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba sitaomba radhi. Mafundi cherehani walio upande wa mbele walisimamisha mashine zao wasikilize.

Abdul ni mmoja wa vijana kumi na mmoja ninaowafundisha baiolojia hapa Majengo, kwenye chumba cha uani alichotupatia Mama Swaumu. Wote ni watahiniwa wa kujitegemea. Mwaka huu wanafanya mtihani wa kidato cha sita, na ukiwauliza, wote wanakwenda chuo kikuu kusomea udaktari. Sijapata hata mmoja anayetaka kusomea kilimo. Mgomba unakufa kwa magonjwa mbele ya macho yao, wao wanataka koti jeupe tu.

Siku hiyo nilikuja na ndizi mbili, moja mbichi na nyingine imeiva mpaka ina madoa. Nikazikata, nikadondoshea kila moja iodini, nikamwambia Abdul, "Angalia, uniambie unaona nini."

Hakuangalia. Alifungua desa lake, yale makaratasi ya majibu yaliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, akasoma, "Ndizi ina wanga, rangi inakuwa bluu-nyeusi."

"Na hii iliyoiva?"

"Hiyo nayo si ndizi, mwalimu?"

Ndizi iko mbele ya pua yake! Ile mbichi imekuwa nyeusi kama masizi, ile iliyoiva imebaki na ukahawia wa iodini na weusi wa kubahatisha tu, kwa sababu ndizi ikiiva wanga wake mwingi hugeuka sukari, na ndiyo maana tunaila kwa raha. Mtoto wa miaka mitano anaona tofauti. Nikamwambia atazame tena. Akanijibu, "Lakini mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Hapo ndipo nilipolichana.

Ninyi mnaotaka kuingia vyuoni, nina hasira na ninyi, na sitaificha. Mnaweza kunitajia sehemu zote za figo lakini hamjawahi kupasua figo ya mbuzi inayouzwa bucha la pale kona. Nikiwauliza kwa nini mpagazi aliyekulia Kahe, kule tambarare, akipanda mlima anashika kichwa na kutapika, na mwenzake aliyekwisha kukaa juu wiki kadhaa anapiga mluzi na mzigo kichwani, mnaniimbia kwa pamoja, "Seli nyekundu!" Vizuri. Nikiwauliza kwa nini yule mpiga mluzi akishuka akalima mpunga Kahe miezi mingi, siku ya kurudi mlimani naye atashika kichwa, mnatazamana. Desa halikusema. Seli nyekundu hufa, jamani, na mwili hautengenezi za ziada kama hauzihitaji. Ukijua hilo hulazimiki kukariri, unalifikiria tu.

Mimi nilifundishwa hayo na mtu aliyeishia darasa la saba. Aliitwa Mzee Ndelwa, mtunza maabara wa shule yangu ya kwanza. Nilifika pale kijana nimevaa tai, nina cheti, najua kila kitu. Wiki ya kwanza niliwaonyesha wanafunzi namna ya kutoa kijani kwenye jani ili kupima wanga. Jani unalichemsha kwenye spiriti, nami nikaweka bika la spiriti moja kwa moja juu ya moto. Mzee Ndelwa alisimama mlangoni na kitambaa kibichi mkononi, akanitazama. Baadaye nilielewa kwamba kile kitambaa alikuwa amekilowanisha mapema.

Moto ulipanda mpaka karibu na dari. Yeye akaja taratibu, akafunika bika kwa kitambaa, moto ukazimika, akanigeukia nikiwa nimesimama na nusu ya nyusi. "Mwalimu," akasema, "sasa waambie waandike walichokiona." Msichana mmoja aliandika: jani bado la kijani, nyusi ya mwalimu haipo. Mzee Ndelwa aliisoma ile karatasi, akaibandika kwenye ukuta wa stoo yake, ikakaa pale miaka.

Spiriti haiwekwi juu ya moto. Unaweka bika lake ndani ya maji ya moto, na moto umeshauzima. Tyubu ya kupimia sukari nayo unaichovya kwenye maji yanayochemka, huishiki juu ya mwali, la sivyo itakurukia usoni. Wanga ukiwa bado wa moto usiuwekee iodini, weusi hautaonekana, utadhani hakuna kitu. Hayo yote ni ya Mzee Ndelwa. Lakini lake kubwa lilikuwa hili: "Andika kwanza kile jicho limeona. Halafu fungua kitabu. Jicho na kitabu vikigombana, usilinyamazishe jicho. Rudia jaribio."

Nimelirudia neno hilo kwa wanafunzi maisha yangu yote ya kazi. Na siku lilipohitajika kwelikweli, mimi mwenyewe nililikanyaga. Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Shule niliyomalizia kazi iko huku juu milimani, na jina lake naliacha. Ilikuwa ya kulipia, na getini ilikuwa na ubao mkubwa wa matokeo ya kidato cha sita. Ili ubao upendeze, kulikuwa na utaratibu waliouita kuchuja. Mwisho wa kidato cha tano, mwanafunzi asiyefikia alama ya shule katika somo lolote kati ya yale matatu anapewa barua ya kuhama. Shule nyingine hazimpokei kirahisi wakati huo, kwa hiyo wengi walikuwa wanaishia nyumbani. Sisi walimu tuliujua utaratibu huo na tulisahihisha tukiujua.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilitayarisha mtihani wa vitendo wa kidato cha tano. Wanafunzi wangepewa sampuli K, wapime wanga, wapime sukari, waandike. Nilitaka uji mwepesi wa mahindi. Wanga upo, sukari haipo, kazi rahisi. Asubuhi nikapika, ukawa maji matupu, unga stoo umekwisha. Nikakumbuka mfuko wa unga wa ulezi niliokuwa nimeununua sokoni Mwika siku iliyotangulia. Nikachukua kikombe kizima, nikakoroga mle ndani uji ukiwa umeshapoa kiasi cha kunyweka, ukawa mzito vizuri. Nikauchuja kwa kitambaa. Halafu, kwa ujanja wangu, nikautia kwenye chupa kubwa ya chai ili usigande, ukakaa mle na joto lake mpaka mtihani ulipoanza saa tano.

Wenyeji wa huku mmeshaanza kucheka. Yule mama wa sokoni aliona mwanamume mzima anaulizia unga wa ulezi, akajua anakwenda kutengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akanipimia kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Mbegu ikiota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, ili mche upate chakula. Kila mama wa huku anajua kwamba kijiko cha kimea kwenye uji mzito wa mtoto huufanya uwe mwepesi na mtamu. Ningeuchemsha tena uji wangu, vimeng'enya vingekufa na mtihani ungekuwa salama. Mimi nikavitafutia chupa ya chai, joto lilelile vinalolipenda, kwa saa tatu nzima!

Wanafunzi walikuwa arobaini. Walisikia harufu ya uji tangu mlangoni, wakanong'onezana, na desa lilikuwa limeshawaambia kwamba uji ni wanga. Thelathini na tisa wakaandika: bluu-nyeusi, wanga upo, sukari haipo. Mmoja alinyoosha mkono. Aliitwa Haika, binti wa huko huko Mwika, mtaratibu, aliyekuwa akikaa benchi la dirishani.

"Mwalimu, samahani, hii sampuli K ndiyo yenyewe?"

"Kaa, andika," nikamwambia. "Mtihani hauna maswali."

Nilipokuwa nasahihisha, karatasi yake niliiweka kando kwanza, nikairudia. Alikuwa ameandika: rangi ya iodini imebaki kahawia, isipokuwa vipunje vichache vilivyotuama chini ya tyubu vimekuwa vyeusi. Dawa ya kupimia sukari imetoka bluu ikawa nyekundu ya tofali. Sukari ipo kwa wingi, wanga karibu haupo. Hakuna mwingine aliyeona vile vipunje. Mimi nikatazama mwongozo wangu wa kusahihishia, nikatazama karatasi, nikachukua kalamu nyekundu nikampa sifuri. Pembeni nikaandika, "Acha kubuni." Sikwenda kufungua chupa. Ilikuwa mezani, hatua tano kutoka nilipokaa.

Sifuri ile ilimshusha chini ya alama ya shule.

Matokeo yalibandikwa Jumatano. Alhamisi asubuhi mke wangu, Mama Nora, alitaka kumpikia mjukuu uji, akafungua ule mfuko uliobaki. Akachota kidogo, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaniita.

"Baba Nora, nani anapika pombe humu ndani?"

"Pombe gani?"

"Hiki ni kimea. Au wazee wa kanisa mmebadilisha utaratibu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilitoka bila chai, nikaenda maabara, nikapika uji upya, nikatia kimea, nikatia kwenye chupa ileile, nikasubiri. Iodini ikabaki kahawia. Chini ya tyubu kulikuwa na vipunje vyeusi, vile vile alivyoviandika. Nilikaa juu ya kiti cha mwanafunzi nikaona aibu ambayo siwezi kuwaeleza.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Msije mkadhani nilikuwa shujaa, nilikwenda nikinong'ona. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, unataka nimpandishe huyu mmoja, niwashushe thelathini na tisa? Nianze kuwaita wazazi niwaambie watoto wao wameandika uongo, na mwalimu wao wa baiolojia hajui unga na kimea?"

Nikasema, "Basi nimpe yeye tu alama zake."

"Ukimpa yeye, wote watauliza kwa nini. Umebakiza mwaka mmoja, mzee wangu. Maliza vizuri."

Alinigusa bega. Nami nikamaliza vizuri. Nilirudi ofisini, nikaikunja karatasi ya Haika, nikaitia kwenye droo, nikafunga. Ijumaa nilifundisha, Jumapili nikaimba kwaya. Jumatatu akapewa barua.

Nilimwona akitoka. Mama yake alikuwa amebeba godoro, yeye tranka kichwani. Walipita mbele ya ofisi ya walimu, mlango ukiwa wazi, na tulikuwemo walimu sita. Haika alisimama, akashika tranka kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema, nikainamia daftari la mahudhurio kana kwamba nilikuwa nahesabu kitu. Hakukuwa na kitu cha kuhesabu.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Mwaka mmoja baadaye nilistaafu kwa keki na hotuba. Mkuu wa shule alisema mimi ni mwalimu aliyependa ukweli, watu wakapiga makofi, na mimi nikala keki ile.

Januari mwaka huu mlipokuja kujiandikisha hapa Majengo, mtu wa tisa kuandika jina alikuwa Haika. Nilimtambua kabla hajakaa. Alikuwa ametoka Tarakea, kwa shangazi yake, alikouza maharage na vitunguu mpakani miaka yote hii. Alinisalimia, nikaitika, akaenda kukaa benchi la nyuma. Ninyi mlidhani hatufahamiani. Kwa wiki kadhaa nilimfundisha vimeng'enya bila kumtazama usoni, na siku ya somo la kuota kwa mbegu nilijifanya nina kikohozi nikawaruhusu mapema. Sasa mnajua kikohozi kile kilikuwa cha nini.

Hiyo Jumatatu ya desa, ninyi mlipotoka, yeye alibaki. Alikwenda kwenye ndoo, akatoa vile vipande vinne vya Abdul, akavikung'uta, akavipanga juu ya meza yangu.

"Mwalimu, huyu umemchania kwa kosa gani?"

"Si umeona mwenyewe? Anaandika asichokiona."

"Mimi niliandika nilichokiona," akasema.

Nilifungua mkoba wangu, nikatoa ile karatasi. Nimetembea nayo tangu nistaafu, msiniulize kwa nini. Nikaiweka mezani ikiwa na maandishi yangu mekundu. Nikamwambia, "Haika, ulikuwa sahihi. Kile kilikuwa kimea. Nilinunua kimea nikidhani ni unga."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mwalimu, bibi yangu ni mpika mbege. Nilipoinusa tu ile tyubu nilijua. Ndiyo maana nilinyoosha mkono." Aliivuta karatasi akaisoma yote, taratibu, hadi pale nilipoandika aache kubuni. "Mimi sikuja kuuliza kama nilikuwa sahihi. Nimekuja kuuliza wewe ulijua lini."

Vijana wangu, ningeweza kusema nilijua baada ya kustaafu. Mke wangu asingenisuta, na mkuu wa shule yuko mbali. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa.

"Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi gani?"

"Alhamisi ile ile. Kabla ya barua."

Mashine za cherehani zilikuwa zinapiga kelele upande wa pili, na Mama Swaumu alikuwa akilalamika uani kwamba nani ameacha maganda ya ndizi mlangoni. Haika alihesabu siku kwa vidole, mbele yangu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Vidole vinne. Kisha akafunga ngumi.

"Nilikuwa nadhani hukujua," akasema. "Miaka yote sita nilikutetea kwa mama yangu. Nilimwambia mwalimu amekosea tu, hakujua."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza, na ni mara ya kwanza mwanafunzi wangu kunikatiza nikakubali.

"Radhi ya chumbani sitaki. Siku ile mlango ulikuwa wazi, watu wote walinitazama nikitoka na tranka. Mama alinyamaza njia nzima, mpaka tunafika Mwika. Unawachania wenzangu madesa kwa kuwa hawasemi walichokiona. Na wewe je? Waambie. Waambie wote, na uibandike hapo ukutani, nisome nikiingia."

Kisha akauliza kama Jumatano tuna kipindi. Nikamwambia tunacho. Akasema atakuja, ana mtihani wa kufanya, na akatoka.

Ndiyo maana nimeandika. Nimekaa na maneno yake siku mbili, na hasira niliyowaonyesha ninyi Jumatatu naiona sasa ilikuwa inanihusu mimi kuliko Abdul. Abdul alijifunza wapi kwamba jibu liko kwenye karatasi na macho hayana kazi? Alijifunza kwa walimu kama mimi, tunaotoa alama kwa anayekubaliana na mwongozo na sifuri kwa anayeona. Abdul, uliniuliza kama ile ndizi inatoka kwenye mtihani. Nilikuchania desa mbele za watu, na mbele za watu nasema nimekukosea. Ile ndizi tutairudia leo Jumatano, wewe ndiye utakayedondoshea iodini, na utakachokiona ndicho nitakachokiandika ubaoni, hata kikinishangaza.

Na mimi nina karatasi ya kusahihisha, imechelewa miaka sita. Nimekata maneno yangu mekundu, nimeweka alama zake zote, na nimeibandika hapa chini ya maandishi haya ili kila aingiaye aisome. Sampuli K ilikuwa na sukari kwa wingi, wanga karibu haukuwepo. Haika aliona, akaandika kweli, akafukuzwa, na mimi nilijua tangu Alhamisi.